Shule Walizozijenga kwa Senti Zao

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa North Carolina. Wengi mlikuwa kazini, na kadhaa mmeniomba niyaandike. Nimeyaacha jinsi nilivyoyatamka.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Burundi na Rwanda, hamjambo? Na ninyi vijana mliozaliwa huku lakini mnaketi kutusikiliza kwa Kiswahili, Mungu awabariki.

Naomba nianze na swali. Ni nani kati yetu amewahi kuendesha gari nje ya mji, akapita kanisa dogo la Wamarekani Weusi kando ya barabara, na karibu na kanisa hilo akaona jengo la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo za matofali? Jengo lenye madirisha makubwa yaliyobanana upande mmoja, majani yamepanda hadi kwenye ngazi, bati limeshika kutu? Nyoosheni mikono. Naona. Ni wengi. Na ni wangapi walisimamisha gari wakauliza ni jengo la nini?

Mengi ya majengo ya namna hiyo ni shule. Huku wanaziita shule za Rosenwald. Kati ya 1912 na 1932 zilijengwa karibu 5,000 katika majimbo 15 ya Kusini. Ukijumlisha nyumba za walimu 217 na karakana 163, unapata majengo 5,357. Na jimbo lililojenga nyingi kuliko yote ni hili hili tunaloishi: zaidi ya majengo 800. Leo, katika Kusini nzima, yamebaki takribani 500. Mengine yalioza, mengine yaliungua, mengine yalibomolewa, mengine yaligeuzwa ghala la majani ya ng'ombe.

Nimesimama hapa kuwaomba mje tuyaokoe yaliyobaki. Lakini kabla sijaomba mikono yenu, nataka mjue mnaombwa kushika nini.

Tuulize kwanza: nani alilipa?

Jina lililoandikwa kwenye vibao ni la Julius Rosenwald, na anastahili heshima yake. Alikuwa mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Ujerumani, akatajirika akiongoza Sears, Roebuck, kampuni ya kuuza bidhaa kwa njia ya posta kule Chicago. Alikutana na Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Weusi cha Tuskegee, Alabama, mtu aliyezaliwa utumwani. Mwaka 1912, Rosenwald alipotimiza miaka 50, aliipa Tuskegee dola 25,000. Washington akamwomba ruhusa: fedha kidogo iliyosalia tuitumie kujenga shule ndogo sita za vijijini, hapa Alabama, tuone. Wakaona. Kilichofuata ni miaka 20 ya ujenzi.

Lakini fedha ya Rosenwald ilikuja na sharti. Hakutoa jengo zima. Wenyeji walipaswa kuchanga, na serikali ya kaunti ilipaswa kuchangia na kuikubali shule iwe yake. Tazameni hesabu ya shule ya kwanza kabisa, ya Loachapoka, Alabama, iliyokamilika 1913. Iligharimu dola 942 na senti 50. Rosenwald alitoa 300. Majirani Wazungu walitoa 360. Weusi wa pale walitoa dola 150 taslimu za kununua kiwanja, na kazi ya mikono iliyothaminiwa kuwa dola 132 na senti 50. Zilizobaki zote zikafuata mtindo huo, kila mmoja na fungu lake.

Mwisho wa mpango, gharama yote ilifika dola milioni 28.4. Rosenwald na mfuko wake walitoa milioni 4.3 hivi. Weusi wa vijijini, watu waliokuwa wakilima mashamba ya wengine na kugawana mavuno, watu walioishi kwa deni kutoka msimu hadi msimu, walitoa milioni 4.7.

Nirudie? Milioni 4.7. Walimzidi tajiri!

Nani alilipa? Walilipa waliotenga kipande cha shamba la pamba na kusema: mavuno ya kipande hiki ni ya shule. Walilipa akina mama waliouza kuku wa kukaanga na keki baada ya ibada. Walilipa wanaume waliokata miti yao wenyewe na kuipeleka kupasuliwa mbao. Na fungu kubwa kuliko yote, zaidi ya milioni 18, lilitoka kwenye kodi, na kodi hiyo Weusi walikuwa wakiilipa kama wengine, huku nyingi yake ikienda kwenye shule ambazo watoto wao hawakuruhusiwa kukanyaga. Kwa hiyo walilipa kodi, wakachanga juu ya kodi, wakafanya kazi juu ya mchango.

Kuna kisa kimoja ambacho kila nikikisoma nanyamaza kidogo. Kilitokea Boligee, Alabama, na aliyekisimulia ni afisa aliyekuwa akisimamia ujenzi wa shule hizi katika jimbo lile. Watu walikusanyika kuchanga. Wakaitwa mmoja mmoja. Akasimama mzee aliyeziona siku za utumwa. Akatoa mfukoni gunia dogo chafu, limejaa mafuta ya mikono ya miaka mingi, akalimwaga mezani. Senti moja moja, senti tano tano, senti kumi kumi, na noti chache. Zilipohesabiwa zikawa dola 38. Ndiyo yote aliyoweka akiba maishani mwake. Akasema anataka watoto wa wajukuu zake wapate nafasi, kwa hiyo anatoa kila alichonacho.

Wazee wangu, mmehudhuria harambee ngapi? Mmemwona mara ngapi bibi anayefungua fundo la leso na kutoa alichonacho cha mwisho? Mimi mwenyewe nimesoma shule iliyojengwa hivyo. Jina la mkuu wa wilaya aliyeweka jiwe la msingi liko ukutani hadi leo. Jina la bibi haliko. Ndiyo maana kisa cha Boligee hakinipiti hivi hivi.

Na hapa Marekani kuna jambo jema ambalo wengi hawalijui. Katika Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, yamehifadhiwa makabrasha ya Mfuko wa Rosenwald, na humo kuna kadi za shule hizo, nyingi zikiwa na picha. Kwenye kadi kumeandikwa fedha kwa mafungu: Weusi kiasi gani, Wazungu kiasi gani, umma kiasi gani, Rosenwald kiasi gani. Kikundi chochote cha kujitolea kinachoanza kazi hushauriwa kitafute kadi hiyo kwanza, kabla ya nyundo na msumeno. Nami nakubaliana na ushauri huo kwa moyo wote. Mtu anayejua jengo lililipiwa na nani halishiki kama mali ya kuokota.

Sasa niwaeleze kuhusu jengo lenyewe, maana hapa ndipo kazi yetu ilipo.

Ramani za awali zilichorwa Tuskegee chini ya Robert Robinson Taylor. Vijana, mshikeni jina hilo. Alizaliwa Wilmington, hapa hapa North Carolina, 1868, baba yake akiwa seremala na mjenzi, na mwaka 1892 akawa Mweusi wa kwanza kuhitimu MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts. Baadaye, mwaka 1920, usimamizi ulihamia Nashville na ramani zikaboreshwa, zikatolewa bure kwa yeyote anayejenga. Wazungu wa vijijini nao walizitumia kwa shule zao.

Kwa nini madirisha makubwa vile? Kwa sababu vijijini hakukuwa na umeme. Mwanga wa jua ndio uliokuwa taa. Ramani zilitaka madirisha yatazame mashariki na magharibi, hata kama barabara inapita upande mwingine, ndiyo maana utakuta shule imekaa mshazari, kana kwamba haijali barabara. Na madawati yalipangwa ili mwanga umwingie mtoto kutoka mkono wa kushoto, kivuli cha mkono unaoandika kisiangukie karatasi. Ndani, sehemu ya chini ya ukuta ilipakwa rangi nzito isiyoonyesha uchafu, juu ikapakwa rangi hafifu inayorudisha mwanga. Kati ya vyumba viwili kulikuwa na milango ya kukunja. Ikifunguliwa, madarasa mawili yanakuwa ukumbi mmoja: mahubiri, mikutano ya wakulima, michezo ya kuigiza, harusi.

Nauliza: huyo aliyefikiria kivuli cha mkono wa mtoto wa mkulima maskini, alimwonaje mtoto yule? Katika nchi ambayo sheria ilisema mtoto huyo anastahili masalia, mtu alikaa na rula na penseli akapanga jua limfikie vizuri.

Ndiyo maana tukiingia kwenye kazi, madirisha ndiyo moyo wa kazi. Mengi yamefungwa kwa mbao au mabati. Fremu zimelegea, kamba zilizokuwa zikibeba vyuma vya uzito ndani ya ukuta zimekatika, vioo vimepasuka. Atakuja mtu mwema akiwa na dirisha la plastiki la dukani, atasema hili ni rahisi, ni la kisasa, halipitishi baridi. Tumshukuru, tusilichukue. Mbao zile za zamani ni kiini cha msonobari ambao leo ni nadra kuupata, zimekaa karibu miaka 100 na bado zinashika msumari. Unatoa fremu, unaipa namba, unaipiga picha, unakwangua, unabadilisha kipande kilichooza tu, unafunga kamba mpya, unairudisha mahali pake. Ni kazi ya polepole. Seremala yeyote hapa ndani anajua raha ya dirisha la zamani linapopanda tena kwa mkono mmoja.

Na niseme wazi kuhusu usalama, kwa sababu wapo mtakaotaka kuleta watoto. Rangi za zamani zina madini ya risasi, na hayo ni sumu. Hatukwangui rangi kavu na kutimua vumbi, hatuchomi rangi kwa moto. Tunalowesha, tunavaa barakoa, tunatandika turubai chini, na watoto wadogo wanakuwa nje na kazi nyingine. Paa hutangulia, kwa sababu maji ndiyo adui mkubwa. Baada ya paa ni nguzo na mihimili iliyoliwa na mchwa. Rangi ya kupendezesha picha huja mwisho kabisa, hata kama wafadhili wangependa iwe ya kwanza.

Lakini fundi peke yake hatoshi. Katika shule ninakojitolea, mama mmoja aliyesoma pale utotoni alikuja akasimama katikati ya chumba kitupu. Akaonyesha kwa fimbo: jiko la kuni lilikuwa hapa. Ndoo ya maji pale. Msumari wa koti langu ule kule. Tukatazama darini alipoonyesha jiko. Kulikuwa na kiraka cha mbao cha mduara, mahali bomba la moshi lilipopitia. Tulikuwa tumekipita siku zote bila kukielewa. Siku ile kazi ilibadilika: kwanza tunamketisha mzee kwenye kiti, tunawasha kinasa sauti, ndipo tunashika zana.

Hao wazee wanapungua, ndugu zangu. Aliyeanza darasa la kwanza mwaka 1950 leo amevuka miaka 80.

Sasa, kwa nini shule hizi zilikufa? Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ni jambo linalouma.

Mei 17, 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kutenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Ulikuwa ushindi mkubwa, na wazazi Weusi ndio walioupigania. Majimbo ya Kusini yalivuta miguu kwa miaka mingi. Hatimaye yalipounganisha shule, yalifanyaje? Mara nyingi yalifunga ya Weusi na kubakiza ya Wazungu. Walimu Weusi kwa maelfu walipoteza kazi. Na kumbukeni lile sharti: shule iwe mali ya kaunti. Kiwanja walichokinunua wenyewe kwa dola 150, jengo walilopigilia misumari wenyewe, hati iliandikwa kwa jina la bodi ya kaunti. Shule ilipofungwa, kaunti ilikuwa na haki ya kuiuza. Na ziliuzwa, nyingi kwa mnada.

Kwa hiyo sehemu nyingi wazee waliosoma pale, pamoja na kanisa la jirani, walichanga tena wakanunua jengo lao wenyewe. Nani alilipa? Walilipa walewale, mara ya pili.

Tazameni Pine Grove, kaunti ya Cumberland, Virginia. Shule ilijengwa 1917, ikafungwa 1964. Miaka ya karibuni ukatokea mpango wa kuweka jalala kubwa la taka karibu nayo. Waliosoma pale na vizazi vyao wakajikusanya. Walianza na hofu ya taka, wakajikuta wanaandika historia ya kijiji kizima: nani alisoma, nani alifundisha, nani kazikwa wapi. Mwaka 2021 shule hiyo iliwekwa kwenye orodha ya taifa ya sehemu 11 za kihistoria zilizo hatarini zaidi. Shule za Rosenwald kwa ujumla wake ziliwekwa kwenye orodha hiyo hiyo mwaka 2002, na tangu hapo watu wengi zaidi wamezisikia. Januari 2021 ikapita sheria ya kuchunguza uwezekano wa kuwa na hifadhi ya taifa kwa heshima ya Rosenwald na shule hizi. Haya yote ni mema. Lakini paa linalovuja halisubiri serikali ya Washington.

Kuna jambo jingine ambalo singependa tulifiche tunapopaka rangi. Kule Notasulga, kaunti ya Macon, Alabama, ipo shule ya Shiloh, karibu na kanisa la Shiloh. Wenyeji wameikarabati. Katika makaburi ya kanisa hilo wamelala baadhi ya wanaume waliotumiwa katika utafiti wa kaswende wa Tuskegee. Kuanzia 1932 hadi 1972 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi 600 hivi, 399 kati yao wakiwa wagonjwa, bila kuwaambia ukweli na bila kuwatibu, hata penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida. Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa Mei 1997. Kijiji kimoja, kanisa moja: tumaini lao na dhuluma waliyotendewa viko hatua chache kimoja na kingine. Wenyeji wa Shiloh wanaelezea yote mawili kwa mgeni anayefika. Nawaheshimu sana kwa hilo, na naomba popote tutakapofanya kazi tusiwasukume wenyeji watoe historia iliyopigwa deki.

Labda kuna anayejiuliza moyoni: haya ni ya Wamarekani, sisi wa Afrika Mashariki yanatuhusu nini?

Nitakujibu kwa jina moja: Kabete. Mwaka 1907 mama mmoja wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, alitoa dola milioni 1 kwa ajili ya shule za Weusi vijijini. Mwalimu wa kwanza kufanya kazi kwa mfuko huo alikuwa Virginia Randolph wa kaunti ya Henrico, Virginia, binti wa wazazi waliokuwa watumwa. Walimu wa Jeanes walizunguka kutoka shule hadi shule kwa farasi na kwa miguu, na ndio waliobeba sehemu kubwa ya uchangishaji wa shule za Rosenwald. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki, akiwemo mwalimu James Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Kabete, nje ya Nairobi, shule iliyoitwa Jeanes School. Ndipo ilipo leo Kenya School of Government, chuo cha watumishi wa umma. Wakenya wangapi wamepita geti lile bila kujua kwamba jina lake la kwanza lilitoka kwenye vijiji vya huku?

Wakoloni waliupenda mfumo ule kwa sababu zao. Walitaka Mwafrika afundishwe useremala na kilimo, asifike kwenye sheria na siasa. Wazee wetu waliliona hilo. Mbiyu Koinange alikuja kusoma Hampton, Virginia, chuo kile kile alichosoma Booker T. Washington, kisha akarudi na mwaka 1939 akaanzisha chuo cha walimu Githunguri, kwa michango ya wananchi, kwa masomo ambayo serikali haikuyaamua. Serikali ya kikoloni ilikifunga 1952. Kwa hiyo tunafahamu maana ya kujenga kwa senti zenu halafu mtu mwingine akashika kufuli.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumeshakaa miaka. Tunasali katika majengo yao, watoto wetu wanasoma katika shule zilizofunguliwa kwa mapambano yao, na makazini tunalindwa na sheria walizozidai kwa damu. Siku ya tatu imefika zamani.

Ila tukienda, twende kwa adabu. Wenyeji ndio wenye jengo. Kamati ni yao, hati ni yao, uamuzi wa rangi ya mlango ni wao. Wakisema wanataka iwe ukumbi wa kulisha wazee badala ya makumbusho, tunabeba meza. Mimi binafsi napenda hivyo zaidi, kwa sababu jengo linalotumika hufunguliwa madirisha kila wiki, na jengo la kutazamwa tu huanza kunuka unyevu. Tusiende kuhutubia. Tusiende kupiga picha tukaondoka saa nne asubuhi.

Tunachohitaji ni hiki. Maseremala, na najua mpo hapa mliojifunza Gikomba na Keko, mnaojua randa ya mkono na patasi: njooni kwenye madirisha. Mafundi uashi: kuna nguzo za matofali zinazohitaji chokaa laini, saruji kali inapasua matofali ya zamani, kwa hiyo muulizeni msimamizi kabla ya kuchanganya. Vijana wenye simu nzuri: mtakaa na wazee, mtarekodi, mtaandika majina kwa herufi sahihi, mtamrudishia mzee nakala yake. Akina mama na akina baba wa jikoni, watu wanaofanya kazi hula, na wenyeji wamesema wangependa kuonja pilau.

Tunaondoka hapa kanisani Jumamosi ijayo saa moja asubuhi. Vaeni viatu vigumu na suruali ndefu, kwenye majani kuna nyoka. Barakoa na glavu zipo za kutosha. Mwenye gari lenye nafasi aniandikie jina lake pale mezani sasa hivi, kabla hatujaanza kula.